Kipanga, Kilaza na Uongo Wangu wa Nia Njema

Ndugu msomaji, naomba nianze kwa kuungama. Nimewahi kumdanganya mtoto wa watu kwa makusudi, kwa faida yake, na uongo ule ukafanya kazi. Laiti ungemuumiza, ningejua la kufanya: ningemwomba radhi, naye angenisamehe au angeninunia, basi. Lakini binti yule alifaulu. Mama yake alikuja kunishukuru na mfuko wa machungwa. Nikayala, na tangu siku ile kuna swali ambalo halijanitoka kichwani: je, ni halali mwalimu kumwongopea mwanafunzi ili ajifunze?

Nieleze kisa chenyewe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, mfukoni hamna kitu. Nikafanya wanavyofanya vijana wengi wa Dar es Salaam wakikaa nyumbani bila kazi, nikafungua twisheni. Usifikirie shule. Kilikuwa chumba kimoja Manzese, hakijapigwa lipu, mabenchi sita, ubao tuliousiliba kwa unga wa betri kuukuu. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuja kila jioni kuanzia saa kumi, somo hisabati, ada inalipwa siku kwa siku.

Chumba kilikuwa kimoja lakini madarasa yalikuwa mawili. Mbele walikaa vipanga, nyuma walikaa vilaza. Maneno haya hatukuyatoa kitabuni, ni ya mtaani, kila mwanafunzi anayajua: kipanga ni yule anayefaulu, kilaza ni yule ambaye kichwa chake, eti, kimelala. Mimi sikumwambia mtu akae wapi, na wala sikuwahi kumwita mtu kilaza mbele ya wenzake. Lakini wiki ya pili haijaisha, kila mmoja alikuwa ameshajua benchi lake. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Walijuaje? Nitafika huko.

Benchi la mwisho, upande wa dirisha, walikaa mabinti wawili waliokuja pamoja na kuondoka pamoja. Mmoja alikuwa mkimya kiasi kwamba nilichelewa kuijua sauti yake. Mwenzake alikuwa mcheshi, hodari wa kuiga watu, mimi nikiwa wa kwanza kuigwa. Wote wawili niliwahesabu kuwa ni vilaza. Ndivyo nilivyokuwa nikisema moyoni, na sioni sababu ya kukuficha.

Siku moja rafiki yangu aliyekuwa chuo cha ualimu akasahau kwangu kabrasha lake la saikolojia ya elimu. Nikalisoma kwa kukosa gazeti. Humo nikakutana na habari ya Robert Rosenthal, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, na Lenore Jacobson, aliyekuwa mkuu wa shule moja ya msingi huko California, Marekani. Katika miaka ya 1960 hawa wawili waliwapa watoto wa shule ile mtihani wa kupima akili, kisha wakawaambia walimu kwamba mtihani ule unaweza kubashiri watoto gani wako karibu kuchanua. Wakawapa majina, kama mtoto mmoja katika kila watano. Kumbe majina yale yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu! Hapakuwa na dalili yoyote ya kuchanua. Baadaye watoto walipopimwa tena, wale wa darasa la kwanza na la pili waliotajwa walikuwa wamepanda kuliko wenzao. Kitabu chao kilitoka mwaka 1968, na kikaitwa kwa jina la Pygmalion, yule mchongaji wa hadithi za Wagiriki aliyeipenda sanamu yake mpaka ikawa mtu.

Kabla ya hapo, mwaka 1963, Rosenthal na mwenzake Fode walikuwa wamechapisha jaribio jingine, la panya. Wanafunzi wa chuo waligawiwa panya wa kufundishwa njia. Baadhi wakaambiwa panya wenu ni wa ukoo wenye akili, wengine wakaambiwa wenu ni wa ukoo mzito. Panya walikuwa wa aina moja. Lakini wale walioitwa wenye akili wakajifunza upesi zaidi. Panya, jamani! Panya hajui kama ameitwa kipanga. Aliyejua ni yule aliyemshika mkononi.

Nilisoma habari hizo usiku, umeme umekatika, kwa mshumaa. Asubuhi nikaandika majina ya watu wa mabenchi ya nyuma kwenye vikaratasi, nikavitia ndani ya kofia, nikachomoa kimoja. Kikatoka cha yule mkimya.

Jioni nikamwita pembeni. Nikamwambia, "Lile zoezi la juzi halikuwa zoezi la kawaida. Ni kipimo cha vipaji, kimetoka kwa wataalamu. Limeonyesha kwamba wewe una akili ya hisabati, tena nyingi, ila haijaamka."

Akanitazama kama mtu aliyesikia jina lake limetajwa redioni. "Mimi, ticha?"

"Wewe."

Akaangalia chini, akaniuliza, "Na mwenzangu je?"

Nikasema la mwenzake halikuonyesha kitu. Huo ulikuwa uongo wa pili, na nadhani ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, ingawa siku hiyo niliusema bila hata kumeza mate.

Sitaki kukuchosha na miezi mitatu iliyofuata. Alihama benchi. Akaanza kunyoosha mkono, kwanza nusu, halafu wote. Shuleni kwao alikuwa akipata kumi na kitu kwa mia, na mtihani wa muhula akaleta sitini na moja. Ndipo mama yake akaja na machungwa.

Sasa twende kwenye swali. Nilipowasimulia marafiki zangu barazani, wakagawanyika. Mmoja akasema, "Dhambi iko wapi? Daktari anampa mgonjwa kidonge cha unga mtupu na mgonjwa anapona. Mzazi anamwambia mtoto wake wewe ni simba, na mtoto anavuka mto. Uongo unaojenga ni bora kuliko ukweli unaobomoa." Mwingine akasema, "Njia ya mwongo ni fupi. Umemjengea binti wa watu ghorofa juu ya mchanga. Siku akigundua, ataanguka nalo."

Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa yule wa kwanza. Si ndiye aliyenipa machungwa yangu kwa amani? Lakini mambo mawili yakanitoa huko.

La kwanza nililiona kwenye daftari. Binti yule alianza kunificha makosa. Swali akilikosa, anachana karatasi. Nikimwomba nione alivyokokotoa, anasema amesahau daftari nyumbani. Siku moja nikaokota nyuma ya mlango karatasi zake zilizofinyangwa, na katika zote alikosea pale pale, kwenye kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kosa ambalo ningelirekebisha kwa dakika kumi kama angenionyesha. Sikuelewa. Baadaye, nami nikiwa chuoni, nikasoma utafiti wa Claudia Mueller na Carol Dweck wa mwaka 1998. Walichukua watoto wa Marekani wa umri wa kama miaka kumi, wakawapa mafumbo. Wengine wakasifiwa kuwa wana akili, wengine wakasifiwa kwa kujitahidi. Kisha wote wakapewa mafumbo magumu wakashindwa. Walipoambiwa waandike alama zao ili mtoto mwingine asiyewajua azisome, karibu wanne katika kila kumi wa wale waliosifiwa akili walijiongezea. Katika wale waliosifiwa juhudi, waliofanya hivyo walikuwa wachache zaidi.

Nilipoyasoma hayo nikaziona zile karatasi zilizofinyangwa. Nilikuwa nimempa binti yule jina, na jina likawa mali ya kulindwa. Kila kosa sasa lilikuwa mwizi. Mtu aliyeambiwa ana akili ya kuzaliwa, akikosea afanye nini? Kukosea kwake kunamaanisha kwamba wataalamu walikosea, au ticha alidanganya, au akili yenyewe imekwisha. Afadhali achane karatasi.

La pili lilinichukua muda zaidi kuliona, nalo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Hebu rudi kwenye shule ile ya California. Nani alidanganywa pale? Watoto hawakuambiwa kitu! Waliodanganywa ni walimu. Uongo uliingia kwenye sikio la mwalimu, na matokeo yakatokea kwenye kichwa cha mtoto. Njiani palipita nini?

Rosenthal mwenyewe baadaye alitaja mambo manne ambayo mwalimu humfanyia mtoto anayemtegemea: humwonyesha uso wa ukunjufu zaidi, humfundisha mambo mengi na magumu zaidi, humpa nafasi zaidi ya kujibu, na humweleza kwa undani zaidi alipopatia na alipokosea. Na mtafiti mwingine Mmarekani, Mary Budd Rowe, alirekodi masomo darasani kwa kanda akapima jambo dogo sana: mwalimu akishauliza swali, hukaa kimya kwa muda gani kabla ya kuhamia kwa mtu mwingine au kujibu mwenyewe? Katika maandishi yake ya mwaka 1974 alionyesha kwamba kwa kawaida ni kama sekunde moja. Tena wale wanaohesabiwa kuwa bora walisubiriwa zaidi kuliko wale wanaohesabiwa kuwa wa mwisho. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliozoeleka kuwa mabubu wakaanza kusema.

Sekunde tatu. Hesabu sasa hivi, moja, mbili, tatu. Ni kitu gani hicho cha kumnyima mtoto?

Na kwetu hapa sekunde hizo zina uzito wa pekee. Mtoto wa Tanzania anayesoma shule ya kawaida ya serikali husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu sekondari anakuta hisabati ile ile inasemwa kwa Kiingereza. Ukimuuliza, inabidi alitafsiri swali, alitafute jibu, kisha alitafsiri na jibu. Wewe umempa sekunde moja, kisha unageukia benchi la mbele na kusema, "Haya, msaidieni mwenzenu." Hivyo ndivyo walivyolijua benchi lao. Sikuwatukana. Niliwahi tu kuwapita.

Kwa hiyo nikajikagua. Nilipomwambia binti yule kwamba ana kipaji, nilijitia kitanzi mwenyewe. Ilinibidi nimuulize maswali, maana ningewezaje kumsifia halafu nisimuulize? Ilinibidi nimsubiri. Akikosea ilinibidi niulize kakosea wapi, kwa sababu "mwenye kipaji" hakosei bure. Matendo yale yalikuwa ya kweli, hayakuwa na uongo ndani yake, na ninaamini ndiyo yaliyompandisha. Ule uongo aliopewa yeye ulimpa hofu ya kuchana karatasi. Uliofanya kazi ni ule niliojipa mimi. Ningeweza kumsubiri sekunde tatu bila kofia na bila wataalamu wa kubuni. Na si yeye peke yake, bali benchi zima.

Lakini mtu ataniuliza, na atakuwa na haki: je, unaweza kubadili jicho lako bila kudanganywa? Wale walimu wa California waliletewa karatasi. Mimi najua kwamba sina karatasi. Nitamtegemeaje mtoto ambaye kila siku naona kwa macho yangu kuwa anakosa? Si nitakuwa najidanganya mwenyewe, na huo si uongo vile vile?

Hapa nimekaa sana. Msaada nikaupata katika kazi ya Stephen Raudenbush ya mwaka 1984. Alikusanya majaribio 18 ya namna ile ya Rosenthal, akaona kwamba pale ambapo walimu walikuwa wamewajua wanafunzi kwa zaidi ya wiki mbili kabla ya kupewa habari za uongo, matokeo karibu yote yalitoweka. Ina maana mwalimu aliyekwisha kumjua mtoto habadiliki tena, hata umletee karatasi ya Harvard. Wiki mbili tu! Kumbuka nami nilikuambia wiki mbili.

Ndipo nikaona kwamba mwalimu hahitaji kuamini kuwa mtoto ni kipanga. Anachohitaji ni kukataa kusema kuwa amekwisha kumjua. Neno la haki ni "sijui bado". Hili si uongo. Ndiyo hali halisi. Ninajua kwamba leo hajui kujumlisha sehemu, hilo nimeliona kwenye daftari. Yeye ni nani, na mwezi ujao atajua nini, sijaona, na wala wewe hujaona. Kutoka "hajui sehemu" mpaka "ni kilaza" pana mruko mkubwa, nasi tunauruka kila siku bila kukunja magoti.

Hata kipimo cha akili chenyewe kilianza kwa nia hiyo. Alfred Binet, aliyetengeneza kipimo chake na Simon huko Ufaransa mwaka 1905, alitaka kuwatambua watoto wanaohitaji msaada wa pekee, na aliwapinga waliosema kwamba kiasi cha akili ya mtu hakiongezeki. Chombo kilichotengenezwa ili mtoto asaidiwe kikaja kutumiwa na wengine kumgongea mhuri. Nasi tunayo mihuri yetu. Siku ya kufunga shule majina yanasomwa mbele ya wazazi, wa kwanza, wa pili, mpaka yule wa mwisho, na watu wanacheka. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022 lilisema halitangazi tena shule bora wala wanafunzi bora kitaifa. Wengi walinung'unika kwamba watoto watakosa hamasa. Mimi nilikumbuka wale waliokuwa hawatajwi hata kabla ya hapo.

Sitaki unielewe vibaya. Jicho la mwalimu si muujiza. Wataalamu walimkosoa Rosenthal tangu mwaka ule ule wa 1968, Robert Thorndike akiwa mmoja wao, na waliopima tena baadaye wengi wao waliona kwamba matarajio ya mwalimu yanafanya kazi lakini kwa kawaida ni kwa kiasi kidogo. Mtoto mwenye njaa hashibi kwa kutegemewa. Na mwalimu mwenye wanafunzi mia darasani, umwambie asubiri sekunde tatu kwa kila mmoja, atakuuliza kama umewahi kushika chaki. Lakini hicho kidogo ndicho kilichoko mkononi mwangu. Njaa na msongamano siwezi kuviondoa jioni moja. Kumwacha mtu amalize sentensi naweza.

Sasa nimalizie. Siku moja kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha pili, binti yule alibaki baada ya wenzake kuondoka. Akaniuliza bila kuzunguka, "Ticha, kile kipimo kilikuwa cha kweli?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mtihani ulikuwa kesho kutwa. Yule rafiki yangu wa barazani angesema ndiyo. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikamwambia ukweli wote. Kofia, vikaratasi, kila kitu. Nikamwambia kwamba sitini na moja ile hakupewa na kipimo chochote, ni yeye mwenyewe aliyeifanyia kazi kwa daftari na kalamu, na hilo lilikuwa kweli.

Nilitegemea atalia au atakasirika. Alikaa kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo mkono wako ungegusa karatasi ya mwenzangu, angekuwa yeye?"

Mwenzake, yule mcheshi, alikuwa ameacha kuja tangu mwezi wa pili wa twisheni yetu. Sikumbuki ni siku gani. Ndilo jambo linaloniuma, kwamba sikuiona siku yenyewe. Benchi lilibaki na nafasi, nikaijaza na mtu mwingine.

Nilikwenda kwao mara mbili. Mara ya kwanza sikumkuta. Mara ya pili nilimkuta uani anaosha vyombo. Akaniamkia kwa heshima, akanikaribisha kigoda. Nikamwomba arudi, nikasema hatalipa. Akacheka, akaniiga ninavyoandika ubaoni huku nimewapa kisogo, akaniiga vizuri mpaka mama yake akacheka ndani. Halafu akasema, "Mimi tena, ticha? Wewe si unajua mimi ni wa namna gani."

Nikamwambia sijui. Akaendelea kuosha vyombo.

Wewe unayesoma hapa na kesho utaandika hadithi, na ndani yake utahitaji mjinga wa darasa ili watu wacheke, mwache kwanza aseme. Kofia ile ninayo mpaka leo. Ninafundisha sasa, kwa cheti, na kila nikiingia darasani natia majina yote humo, nachomoa moja, nauliza swali, nangoja.